Ada Ihesabiwe kwa Magunia

Somo la radio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili wanafunzi wayasome tena darasani pamoja na mwalimu wao.

Natumaini mmekwisha keti, na taa inawaka vizuri. Leo nasema hasa na ninyi wa madarasa ya Makanyagio, hapo Mpanda mjini, katika mkoa wa Katavi. Lakini ninyi wa Inyonga, wa Karema na wa mahali pengine msizime radio, maana jambo la leo halichagui kata.

Somo letu ni juu ya vijana wetu waliomaliza shule ya sekondari. Tutasema juu ya gharama za chuo, na juu ya kazi wanayoitazamia baada ya chuo, wakati fedha zimekuwa adimu. Fungueni daftari zenu. Juu ya ukurasa andikeni neno hili: MDORORO. Mwalimu aliandike ubaoni kwa herufi kubwa. M-DO-RO-RO. Someni pamoja.

Kudorora ni kulegea, kupungukiwa nguvu. Mtu aliyeugua homa siku nyingi hudorora: anatembea, lakini hawezi kubeba mzigo wake wa kila siku. Mdororo wa uchumi ni hivyo hivyo. Biashara ya nchi, au ya dunia nzima, inalegea kwa muda mrefu. Watu hununua kidogo. Mwenye duka akiuza kidogo, haagizi mali nyingi. Mwenye kiwanda akikosa maagizo, haongezi wafanyakazi, na pengine huwapunguza wale alio nao. Aliyepunguzwa kazi naye hununua kidogo zaidi. Basi ugonjwa unazunguka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Pengine mtu ataniuliza, "Haya yananihusu nini mimi, mkulima wa Mpanda?" Sikilizeni. Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani yalianguka, kwa sababu yalikuwa yamekopesha watu fedha za kununua nyumba, na wengi wao hawakuweza kulipa. Hapana mtu wa Makanyagio aliyekuwa amekopa nyumba huko. Hata hivyo watu wa Ulaya na Marekani walianza kubana matumizi, bei ya pamba na ya kahawa ikashuka, na wanunuzi waliokwisha kuwalipa wakulima wetu kwa bei ya juu wakabaki na mzigo usiouzika ila kwa hasara. Mwezi wa Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, na ndani yake ilikuwamo fidia kwa wanunuzi hao wa pamba na kahawa. Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka ya nchi nyingi, hoteli za Zanzibar na Arusha zilikosa wageni. Uchumi wa Tanzania haukurudi nyuma mwaka ule, ila mwendo wake ulipungua: mwaka 2019 ulikua kwa asilimia 7 hivi, na mwaka 2020 kwa asilimia 4.8. Asilimia ni sehemu katika kila 100. Nchi inaweza kuwa inakua katika vitabu vya serikali, na bado kijana mmoja mmoja mtaani asiione kazi.

Lakini si lazima mdororo utoke ng'ambo. Kuna mdororo wa gunia. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi yasipelekwe nje ya nchi. Bei ikaanguka katika mikoa inayolima mahindi kwa wingi, na Katavi ni mmojawapo. Baadaye kizuizi kiliondolewa. Wengi wenu mnaukumbuka msimu ule bila kusaidiwa na mimi. Mahindi yalikuwa mengi ghalani, na fedha ya ada haikupatikana.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Chukueni kalamu.

Wazazi wengi huuliza, "Ada ya chuo ni shilingi ngapi?" Swali si baya, lakini ni nusu ya swali. Mkulima hapokei shilingi kila mwisho wa mwezi. Anavuna magunia. Chuo kitadai shilingi zile zile mwaka huu na mwaka ujao, mahindi yawe ghali au yawe rahisi. Kwa hiyo yafaa ada ihesabiwe kwa magunia.

Tufanye mfano. Watu wa mfano huu si watu fulani wa mtaa wenu, wala mtu asimtazame jirani yake. Ni baba mmoja wa Makanyagio, ana shamba nje ya mji, ana maksai wanne na plau. Binti yake amemaliza kidato cha sita. Amepata barua ya kukubaliwa katika chuo cha uuguzi cha watu binafsi, katika mkoa mwingine, kwa masomo ya miaka mitatu. Ada iliyoandikwa ukurasa wa kwanza wa barua ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Baba akaisoma (naye amejifunza kusoma darasani kama ninyi), akafurahi, akawapigia simu ndugu zake wote.

Lakini barua ina ukurasa wa pili. Mara nyingi ukurasa wa pili haupigiwi mtu simu. Humo mmeandikwa sare, vitabu, mitihani, bima ya afya, na nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo. Tuseme vyote hivyo ni 300,000 kwa mwaka. Tena kuna jambo ambalo halikuandikwa ukurasa wowote: chumba na chakula. Tuseme ni 100,000 kwa mwezi, kwa miezi 10. Jumlisheni. Ada 1,500,000, na 300,000, na 1,000,000. Jumla ni shilingi 2,800,000 kwa mwaka mmoja. Zidisheni kwa miaka 3. Ni shilingi 8,400,000.

Nitanyamaza kidogo, mwalimu aangalie daftari.

Haya. Sasa tugeuze shilingi ziwe magunia. Tuseme gunia moja la mahindi la kilo 100 linauzwa shilingi 70,000. Gawanyeni 2,800,000 kwa 70,000. Ni magunia 40 kwa mwaka. Sasa tuseme bei imeanguka nusu, gunia ni shilingi 35,000. Gawanyeni tena. Ni magunia 80 kwa mwaka. Chuo hakikupandisha ada hata senti moja. Barua ni ile ile. Lakini kwa baba huyu chuo kimekuwa ghali mara mbili.

Tuingie shambani mwake. Kwa maksai wanne analima ekari 8, na kila ekari humpa magunia 10 mvua ikiwa njema. Hiyo ni magunia 80. Chakula cha nyumbani ni magunia 15. Hubaki 65 ya kuuza. Katika mwaka wa bei nzuri atauza 40 kwa ajili ya chuo, abakiwe na 25 kwa mbegu, mbolea, dawa, nguo na wadogo zake yule binti. Ni shida, lakini inawezekana. Katika mwaka wa bei mbaya anadaiwa 80 naye ana 65. Hata akiuza yote haitoshi, na wadogo watavaa nini?

Baba akafikiri usiku kucha. Asubuhi akasema, "Nitauza maksai." Maksai mmoja, tuseme, ni shilingi 700,000. Wanne ni 2,800,000. Tazameni jinsi hesabu ilivyomdanganya kwa uzuri wake: ni sawasawa na mwaka mmoja wa chuo, haizidi wala haipungui. Akaona ni ishara njema.

Binti akamwambia, "Shikamoo baba. Naomba maksai wasiuzwe."

"Marahaba mwanangu. Nafasi hii ikipotea hairudi. Na watu wamekwisha jua kwamba unakwenda chuo. Tutawaambia nini?"

"Baba, mwaka wa kwanza tutauza maksai. Mwaka wa pili tutauza nini?"

Huyu binti amepiga hesabu kuliko sisi sote. Bila maksai baba atalima kwa jembe la mkono, tuseme ekari 3. Ni magunia 30. Toa 15 za chakula, hubaki 15. Mwaka wa pili chuo kinataka magunia 40 hata kama bei ni nzuri. Basi binti atarudishwa nyumbani katikati ya masomo. Atakuwa hana cheti, baba hana maksai, na wadogo zake hawana ada ya kesho. Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika mambo ya chuo, kubwa kuliko kutokwenda kabisa, maana aliyeachia njiani amelipa na hana cha kuonyesha. Wakati wa mdororo ndipo vijana wengi huachia njiani.

Kwa hiyo andikeni: kuna mali inayozaa na mali isiyozaa. Maksai huzaa, kwa maana hulima. Shamba huzaa. Cherehani huzaa, pikipiki ya kazi huzaa. Redio kubwa ya sebuleni haizai, wala bati la ziada lililolala nyuma ya nyumba. Anayetaka kuuza kitu kwa ajili ya ada aanze na kisichozaa. Najua mtu ataniambia kwamba ng'ombe si wa mtu mmoja, ni wa ukoo, na kwamba bati lile ni la nyumba ya mama. Hayo mtayapatanisha nyumbani. Mimi nimeleta hesabu tu.

Basi afanye nini baba huyu?

Zipo njia, na hapana hata moja iliyo tamu. Ya kwanza ni kutafuta chuo cha serikali chenye somo lile lile, hata kama ni lazima kuomba tena. Ada yake aghalabu ni ndogo kuliko ya chuo cha watu binafsi. Ya pili ni kungoja mwaka mmoja huku wakiweka akiba ya magunia. Lakini kungoja nako kuna hatari, hasa kwa binti. Mwaka mmoja huwa miwili, posa huletwa, na wazee husema basi yaishe. Kama ni kungoja, yafaa baba na binti waandike kwenye karatasi: tunangoja hadi mwezi fulani, tunaweka magunia kadhaa, na binti atafanya kazi fulani kwa ujira. Kungoja bila karatasi ni kuacha. Ya tatu ni mkopo, na hapa lazima tukae kidogo, maana mkopo wa serikali husemwa kwa maneno mengi na kueleweka kwa machache.

Zamani kidogo mambo yalikuwa namna nyingine. Ada za sekondari zilifutwa mapema katika miaka ya 1960. Zikarudi katikati ya miaka ya 1980, nchi ilipoishiwa fedha baada ya vita vya Kagera na baada ya mafuta kupanda bei. Zikafutwa tena kwa kidato cha 1 hadi cha 4 mwezi wa Januari 2016, na kwa kidato cha 5 na cha 6 mwaka 2022. Mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa na serikali, na akimaliza serikali hiyo hiyo ilimpa kazi. Kuanzia miaka ya 1990 wanafunzi wa vyuo vikuu walitakiwa kuchangia gharama, na kazi ya serikali ikaacha kuwa ahadi. Kwa hiyo mzee anayemwambia mjukuu wake, "Soma tu, serikali itakuajiri," anasema kweli ya ujana wake.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imefungua mlango pia kwa baadhi ya masomo ya stashahada. Nasema baadhi. Lazima muulize kama somo la kijana wenu limo. Si kila mwombaji hupata, wala si kila anayepata hupewa gharama zote. Bodi hupima uwezo wa nyumba. Naye mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi awe na cheti cha kifo. Sasa hapa nawasihi. Vyeti hivi havitafutwi wiki ile ya kuomba mkopo. Nyumba ambayo ina mtoto wa kidato cha tatu ianze leo.

Tena mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Zamani ilikuwa asilimia 8. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016. Ilikuwako pia nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilifanya madeni ya watu yasipungue hata walipokuwa wakikatwa. Hiyo iliondolewa mwaka 2021.

Pigeni hesabu hii. Kijana amemaliza chuo kikuu akiwa na deni la shilingi 12,000,000. Amepata kazi ya mshahara wa msingi wa 700,000. Asilimia 15 ya 700,000 ni ngapi? Mwenye jibu anyooshe mkono kwa mwalimu. Ni shilingi 105,000. Gawanyeni 12,000,000 kwa 105,000. Mtapata miezi 114 na kidogo, yaani miaka 9 na nusu. Katika miaka hiyo wazazi nao wanangojea matunda, na wadogo zake wanangojea ada. Mshahara mmoja, mikono mingi. Yafaa jambo hili lisemwe nyumbani kabla kijana hajaondoka, ili mama asije akafikiri mwanawe amekuwa mchoyo, kumbe kila mwezi fedha imekatwa kabla hajaishika.

Hata hivyo kati ya mkopo huu na kuuza maksai, mimi nachagua mkopo. Mkopo hulipwa na mshahara wa kesho, na hukatwa kwa kipimo cha mshahara. Maksai hulipwa na nyumba nzima leo. Lakini mkopo wa mtaani, ule wa kuandikiana kwa riba ya kila mwezi na kuweka hati ya kiwanja, huo sitaki hata kuusikia kwa ajili ya ada.

Sasa tuje kwenye kazi.

Mwezi wa Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Waliofika walizidi 10,000, wakaketi kwenye viti vya watazamaji wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walikuwa 135,027. Gawanyeni. Mtaona ni kama watu 85 kwa kila kiti kimoja. Hao 85 hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa na vyeti vizuri, na nyuma ya kila cheti palikuwa na baba na magunia yake.

Mtu asitoke hapa akasema kwamba mwalimu wa radio amesema chuo hakina faida. Siafikiani kabisa na wanaosema hivyo, na mara nyingi wanaosema hivyo wamewapeleka watoto wao chuo. Ninachosema ni kwamba yapasa kuuliza mapema: mwenye cheti hiki hulipwa na nani? Kama jibu ni "serikali" peke yake, jueni kwamba mnaingia kwenye mstari wa watu 85. Kama jibu ni "serikali, na hospitali za misheni, na zahanati za watu binafsi, na hata mwenyewe anaweza kufungua duka la dawa akitimiza sheria," basi cheti hicho kina milango mingi. Wakati wa mdororo mlango mmoja unaweza kufungwa kwa miaka.

Mji wenu wa Mpanda umeliona jambo hili hata kabla ya uhuru. Palikuwa na mgodi wa risasi, ile madini nzito ya kijivu, uliochimbwa na kampuni ya Uruwira. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, ikafunguliwa mwaka 1950. Watu walitoka mbali kuja kufanya kazi. Hapana shaka wengi waliona kwamba mji wenye mgodi na reli umepata riziki ya milele. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ilibaki, ikaendelea kubeba abiria na mazao. Sasa fikirini watu wawili waliopoteza kazi siku ile. Mmoja alijua jambo moja tu, kusukuma kigari cha mgodi ule. Mwingine alikuwa fundi wa mitambo. Wote wawili walipata hasara, lakini fundi aliondoka na kazi yake mikononi, aweze kuitafutia mahali pengine, kwenye reli au kwenye kiwanda.

Ndiyo maana nasikitika nikisikia mzazi akisema "VETA" kwa sauti ya mtu anayetaja adhabu. VETA ina chuo Mpanda. Kwa miaka mingi ada ya kozi zake ndefu ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Nendeni mkaulize ya sasa. Kwa mwanafunzi anayelala kwao Makanyagio, gharama ya chumba na chakula, ile iliyommeza yule baba wa mfano wetu, haipo. Fundi wa umeme, wa magari au wa kuchomelea vyuma anaitwa na watu wa namna nyingi. Na anayependa kilimo asiwaze Morogoro tu: Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi katika mkoa huu huu wa Katavi, kule Kibaoni.

Aliyemaliza ufundi huhitaji vifaa. Sheria huzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu utengenezwe, ikarudishwa mwaka 2024. Aghalabu hupewa vikundi vilivyosajiliwa, wala si mtu aliyekuja ofisini na shida yake tu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia. Msichoke akisema rudini kesho.

Neno moja zaidi kabla saa haijaisha. Wakati kazi ni adimu, wauza vyeti huwa wengi. Chuo chaweza kuwa na lango zuri, bango zuri na mtu mwenye tai anayewapigia wazazi simu, nacho hakikusajiliwa. Vyuo vya kati na vya ufundi husajiliwa na NACTVET, na vyuo vikuu huangaliwa na TCU. Ulizeni namba ya usajili wa chuo, tena ulizeni kama somo lile ambalo kijana analitaka limeidhinishwa, maana chuo chaweza kusajiliwa na somo likawa halijaidhinishwa. Kijana mwenye simu anaweza kuangalia orodha yao mwenyewe kwa dakika chache. Mwenye chuo akikasirika kwa sababu mmeuliza, chukueni barua yenu mwende zenu.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi ambaye nyumbani kwake kuna kijana wa sekondari au aliyemaliza aketi naye. Asiye na kijana aketi na jirani. Andikeni gharama zote za mwaka mmoja wa chuo mnachokifikiria, pamoja na zile za ukurasa wa pili, na chumba, na chakula. Zidisheni kwa miaka ya masomo. Kisha gawanyeni mara mbili: mara ya kwanza kwa bei ya gunia ya leo sokoni Mpanda, mara ya pili kwa bei ya chini kabisa mnayoikumbuka. Wasiolima mahindi watumie mpunga, tumbaku, asali, au mshahara wa siku. Chini yake andikeni vitu vya nyumbani vinavyozaa, na pembeni visivyozaa. Msimwonyeshe mtu orodha hiyo ila mwalimu, naye asiisome kwa sauti.

Kijana ndiye ashike kalamu, mzazi ataje bei.

Leteni daftari zenu siku ya somo lijalo. Siku hiyo tutasoma mkataba wa mkopo, mstari kwa mstari, kabla mtu hajatia sahihi. Kwa herini.